Jinsi ya Kuchagua Kitabu Bora cha Watoto: Mwongozo kwa Kamati Itakayoundwa Singe

Tuseme mfadhili amepatikana. Ni mfanyabiashara wa mbaazi, bei imemwendea vizuri msimu huu, na sasa anataka Kata ya Singe, hapa Babati, itoe tuzo yake ya kitabu bora cha watoto. Barua imeshafika kwa mtendaji wa kata. Kabla wiki haijaisha kutakuwa na kamati, na kamati ikishakuwepo kutakuwa na mwenyekiti, katibu, mhazini, daftari la mahudhurio na mjadala mrefu kuhusu posho. Mwongozo huu umeandikwa ili katikati ya yote hayo kitabu nacho kipate nafasi, na mtoto apate ya kwake.

Nasema kwa dhati, hata pale panapochekesha. Mtoto wa Singe hukua kati ya lugha kadhaa. Nyumbani huenda anasikia Kigorowa au Kiiraqw, kwa jirani Kirangi, mnadani Kibarbaig, na shuleni anakutana na Kiswahili kikiwa kimevaa sare. Kitabu cha hadithi cha kwanza kukishika ndicho kitakachomwambia kama kusoma ni raha au ni adhabu. Anayemchagulia kitabu hicho amebeba dhamana kubwa kuliko ya yule anayechagua rangi ya ofisi ya kata, ingawa kikao cha rangi ndicho huchukua siku mbili.

Hatua ya kwanza: Waangalie waliotangulia

Kamati za vitabu hazikuanza jana. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Miswada ya vitabu vya shule ilipitia mikononi mwake, ikanyooshwa tahajia na sarufi ili ilingane na Kiswahili sanifu. Kazi yake ilikuwa kuilinda lugha. Hakuna aliyeipa kazi ya kumchekesha mtoto, nayo haikujipa.

Kisha likaja shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa 1948. Hili liliitisha mashindano ya uandishi, na katika mashindano ya 1957 hadi 1958 ushindi ukaenda kwa Mzanzibari aliyewahi kuwa bwana afya, Muhammed Said Abdulla. Muswada wake ulichapwa 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, na mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wakaingia vichwani mwa wasomaji, wanafunzi wakiwemo, kwa miongo kadhaa. Kamati ya Singe ijifunze hapo: shindano zuri huchagua kitabu, na pia humtoa mwandishi mahali ambapo hakuna aliyemtafuta. Huenda bwana afya wa kata yenu ana daftari chini ya godoro.

Iko pia kamati ya kujifunza kwa machungu. EMAC ndiyo iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya shule Tanzania, ikavunjwa 2013 baada ya makosa yaliyomo vitabuni kufika hadi bungeni. Vitabu vile vilikuwa na ithibati. Muhuri hausomi, watu ndio husoma, kama wakipewa muda wa kusoma.

Na iko kamati ya kutia moyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, kamati yake ikiongozwa na Profesa Penina Mlama, mwandishi wa tamthiliya aliyefundisha vizazi vya wasomi wetu. Ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikafungua mlango kwa hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza hupewa shilingi milioni 10, na jambo kubwa zaidi ya fedha ni kwamba muswada wake huchapishwa ili ufike shuleni. Wenzetu Kenya walitangulia: Tuzo ya Jomo Kenyatta ilianza 1974, nayo ina kundi la vitabu vya watoto vya Kiswahili. Ken Walibora, aliyefariki 2020, aliipata kwa Ndoto ya Amerika, kitabu kinachochukua ndoto ya mtoto na kuichunguza bila kumcheka mwenye ndoto.

Hatua ya pili: Chagua wajumbe wasiofanana

Kamati ya medali ya Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto kule Marekani, huwa na wajumbe 15. Husoma vitabu mamia kwa mwaka, na mazungumzo yao ya ndani hubaki siri. Singe haihitaji 15. Watano wanatosha, na wawe hawa.

Awepo mwalimu wa darasa la pili, kwa kuwa yeye ndiye anajua mtoto hukwama kwenye neno gani. Awepo bibi anayejulikana mtaani kwa hadithi, hata kama hajui kusoma. Atasomewa, naye atagundua uongo kabla ya wote. Awepo kijana aliyemaliza darasa la saba mwaka jana, ambaye bado anakumbuka kitabu kipi alikisoma kwa hiari na kipi kwa kiboko. Awepo mzazi asiyependa vitabu, maana akishawishika yeye, kata nzima itashawishika. Wa tano awe mtu anayesoma sana, lakini asiwe mwenyekiti.

Mheshimiwa diwani akaribishwe kwa heshima zote siku ya sherehe. Siku ya kusoma akija, akae mkekani pamoja na watoto, asikilize, na apige kura moja kama mtu mwingine.

Singe ni ndogo, na kumpata mjumbe asiye na shemeji kati ya waandishi ni shida. Basi kila mtu aseme mapema, mbele ya wote: huyu ni binamu yangu, huyu tulisali pamoja, huyu ananidai. Mwenye ndugu kwenye orodha atoke nje zamu ya kitabu hicho ikifika. Awekewe kiti kivulini, asione kama amefukuzwa.

Hatua ya tatu: Ng'oa jalada

Miswada ikifika, katibu achane ukurasa wa kwanza wenye jina, aufungie kwenye bahasha, aandike namba juu ya kila muswada. Jina la mtu maarufu hulegeza kalamu ya anayesahihisha, na jina la mtu asiyejulikana huikaza. Mkulima wa Singe hanunui mbegu ya mahindi kwa uzuri wa picha ya mfuko. Huuliza jirani ilivyoota mwaka jana. Kitabu nacho kiulizwe kilivyoota masikioni mwa watoto.

Hatua ya nne: Kisome kwa sauti, na utazame miguu

Hapa ndipo tuzo nyingi huharibika. Wajumbe hubeba vitabu nyumbani, kila mmoja akasoma peke yake usiku, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Wanarudi na alama za sarufi, alama za maudhui, alama za maadili. Hakuna aliyekisikia kitabu chenyewe kikisomwa kwa sauti.

Fanyeni hivi. Kusanyeni watoto kumi na wawili au kumi na watano wa darasa la kwanza na la pili, alasiri, kivulini. Msiwaambie kuna mashindano. Mwalimu asome kitabu namba tatu kwa sauti ya kawaida, bila mbwembwe za kukiokoa. Wajumbe wakae nyuma na watazame miguu ya watoto, kwa maana uso wa mtoto wa shule umeshazoeshwa adabu, unaweza kukudanganya. Miguu haijui adabu. Hadithi ikichosha, miguu huanza kuchora mchangani, kisha mmoja anamkanyaga mwenzake, kisha kuku anayepita anapata wasikilizaji wengi kuliko mwandishi. Hadithi ikishika, miguu hutulia. Kuna mtoto atasogea mbele kwa makalio bila kujijua. Mwalimu akisimama kugeuza ukurasa, sauti ya mmoja itatoka: "Halafu?"

"Halafu" hiyo iandikwe kwenye fomu ya alama. Ipewe alama nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Baadaye kwenye kikao, mjumbe msomaji atasema, "Mimi namba tatu nimeipenda. Lugha yake ni fasaha sana."

Bibi atamjibu, "Ni kweli mwanangu, lugha ni nzuri. Lakini fisi kaingia ukurasa wa kumi. Watoto walishaondoka ukurasa wa nne."

Mwenyekiti asiseme "tutazingatia maoni ya bibi" kisha akaendelea na ajenda. Aandike: fisi aingie mapema.

Hatua ya tano: Mwulize mtoto kuhusu kiboko

Watu wazima hudhani hadithi ya kubuni haina uongo wala ukweli. Mtoto hafikiri hivyo. Atakubali sungura aongee, atakubali fisi avae koti, lakini ndani ya hadithi kuna mambo hataki yachezewe. Mwandishi akimchora kiboko akicheza mpira na watoto ufukweni, mtoto wa Babati atauliza kama huyo mwandishi amewahi kuliona Ziwa Babati. Viboko wa ziwa lile hutoka usiku kula mahindi ya watu, na watoto wamesikia wazazi wakizozana kuhusu nani alale shambani. Kiboko mpole anaweza kukubalika, ila mwandishi aonyeshe kwamba anajua kiboko ni nani hasa, na mahindi ni ya nani.

Kwa hiyo kila kitabu kiulizwe swali hili: mwandishi anamjua mtoto anayemwandikia, au anamjua mtoto wa kwenye vitabu vingine? Kitabu kinachodhani kila mtoto ana chumba chake, kabati la nguo na mama anayemsomea kitandani kinaweza kuwa kizuri sana. Lakini kamati isikipe alama ya "mazingira halisi" kwa sababu tu kimetaja mwembe.

Hatua ya sita: Mafunzo yasikae mlangoni

Hakuna kitu wajumbe wanapenda kama sentensi ya mwisho inayoanza na "Hadithi hii inatufundisha". Wakiiona wanatikisa kichwa kwa furaha, wanatoa alama kumi. Ushauri wangu: sentensi hiyo ikionekana, kitabu kikatwe alama tano, na mwandishi aandikiwe barua ya upole kumwambia kwamba watoto walishaelewa.

Mfano mzuri uko Ghana. Meshack Asare aliandika Sosu's Call, hadithi ya mtoto asiyeweza kutembea, ambaye siku bahari ilipokivamia kijiji chao cha wavuvi alijikokota hadi ilipo ngoma akaipiga, watu wakasikia, wakaja kuokoa waliobaki. Kitabu hicho kilipata tuzo ya kwanza ya UNESCO ya fasihi ya watoto kwa ajili ya uvumilivu mwaka 1999. Somo la kuheshimu watu wenye ulemavu halikuandikwa kwenye bango. Limo ndani ya mikono ya Sosu inayopiga ngoma. Mtoto anayesikiliza anahofia maji, anamwombea Sosu afike, na hadithi inapokwisha amebadilika bila kuhubiriwa. Asare alikuwa ameshinda pia tuzo ya Noma 1982 kwa The Brassman's Secret, kitabu cha watoto kikiwa mbele ya vitabu vya watu wazima vya Afrika nzima. Kamati ile haikuona aibu kukitangulizia kitabu cha mtoto, na ya Singe isione aibu kukipa kitabu cha mtoto heshima ile ile inayopewa riwaya.

Hatua ya saba: Mchoraji alipwe

Kwa mtoto ambaye bado anaokoteza silabi, picha ndiyo nusu ya kitabu inayosomeka. Mwaka 1972 kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One cha Muriel Feelings, kilichochorwa na Tom Feelings, kilipata heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani inayotazama michoro. Muriel alikuwa amefundisha Uganda. Watoto wa Marekani walihesabu moja hadi kumi kwa lugha yetu, wakianzia Kilimanjaro, kwa sababu mchoraji aliichukulia kazi yake kwa uzito.

Nyumbani tunaye John Kilaka, Mtanzania anayeandika na kuchora mwenyewe kwa rangi za mtindo wa Tingatinga. Wanyama wake huvaa nguo, huenda sokoni, huibiana samaki na hupelekana mahakamani. Amekwenda vijijini kukusanya hadithi za wazee, na kazi yake ikatunukiwa kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Vitabu vyake vilichapwa Uswisi kabla ya kusambaa kwingine. Mtoto wa Zürich alimwona Sokwe mwenye samaki wa Kitanzania mapema kuliko mtoto wa Singe. Hilo linaniuma, na naomba liwaume wajumbe pia, maana maumivu hayo ndiyo sababu nzuri ya kuwa na tuzo.

Basi hundi igawanywe mara mbili, mwandishi na mchoraji. Majina yote mawili yasomwe kwa sauti ile ile.

Hatua ya nane: Mkumbuke buibui wa 1953

Kamati iliyofuata hatua zote hizi bado inaweza kukosea. Newbery, iliyoanza kutolewa 1922 na kuwa mfano kwa tuzo nyingi za vitabu vya watoto duniani, mwaka 1953 iliipa medali Secret of the Andes ya Ann Nolan Clark. Charlotte's Web ya E. B. White, hadithi ya buibui anayeokoa maisha ya nguruwe kwa kuandika maneno kwenye utando wake, ilipewa heshima ya pili. Wale wajumbe walikuwa watu makini. Ila watoto waliendelea kumchagua buibui, mwaka baada ya mwaka, hadi wakawa wazee na kuwasomea wajukuu.

Kwa hiyo uamuzi wa kamati uwe na rufaa, na mahakama ya rufaa iwe darasa la pili. Baada ya miaka mitano kamati irudi shuleni, iombe kuonyeshwa vitabu vyote vya mashindano yale. Kilicho safi, kona zikiwa kali, kilishindwa. Kilichochanika jalada, chenye alama za vidole vya mafuta ya maandazi na jina la mtu limeandikwa kwa penseli ukurasa wa mwisho, hicho ndicho kilishinda. Kama si kile kilichopewa hundi, mwandishi wake atafutwe na apewe yake.

Hatua ya tisa: Nunua nakala kabla ya kununua ngao

Ngao huwekwa juu ya kabati la mwandishi. Nakala huwekwa mkononi mwa mtoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulilielewa jambo hili mapema. Katika mpango wake mchapishaji alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, zilizobaki akauza mwenyewe. Mchapishaji akawa na uhakika wa kurudisha gharama, mwandishi akawa na msomaji, na shule ikawa na kitabu cha ziada. CODE hao hao walileta hapa Tuzo ya Burt kwa vitabu vya vijana vya Kiingereza, nayo ikafungamanisha ushindi na kununua nakala.

Singe haina fedha za kununua 3,000. Inazo, kwa hesabu ya mfadhili wetu wa mbaazi, za kununua nakala mia moja na hamsini kama itaacha kukodi mahema na muziki. Tuzo ya kitabu isiyo na nakala ni tangazo la biashara ya kitu kisichouzwa.

Hatua ya kumi: Sherehe fupi, kabati wazi

Siku nzuri ya kutoa tuzo ni tarehe 2 Aprili, siku ya kimataifa ya vitabu vya watoto, iliyochaguliwa kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen. Masika yatakuwa yamekolea, hivyo mkae darasani. Itifaki izingatiwe kwa sentensi moja. Mgeni rasmi apewe dakika tano, na dakika hizo azitumie kusoma kurasa mbili za kitabu kilichoshinda, mbele ya watoto. Akisoma vizuri, watoto watamkumbuka kuliko hotuba yoyote. Akisoma vibaya, watajifunza kwamba hata mkubwa anaweza kujaribu.

Kisha shughuli yenyewe. Katika shule nyingi, vitabu vya zawadi hupokelewa kwa picha ya pamoja, hupangwa ofisini, hufungiwa kabatini, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mmoja ambaye siku za kusoma huwa yuko mjini. Vitabu hutunzwa vizuri mno, havichakai, na ukaguzi ukija vipo vyote. Kamati inayopenda watoto ikatae utunzaji huo. Funguo ziwe mbili, moja kwa mwalimu na moja kwa kiranja wa darasa. Liwepo daftari la kuazima, na mtoto aruhusiwe kupeleka kitabu nyumbani, akawasomee wadogo zake jikoni mama akisonga ugali. Nakala chache zitapotea. Nyingine zitaloa. Hizo zihesabiwe kuwa gharama za kawaida, kama mafuta ya gari la mgeni rasmi.

Kikao cha mwisho cha kamati kifanyike miezi mitatu baadaye, ajenda ikiwa moja: kila nakala iko wapi leo, na nani aliisoma wiki iliyopita. Kamati ikiweza kujibu kwa kuonyesha daftari, ivunjwe kwa makofi, na mfadhili aombwe fedha za mwaka ujao bila aibu. Ikishindwa, kazi yake haijakwisha: irudi shuleni, ifungue kabati, na posho ya kikao hicho inunuliwe vitabu.